Ek, Do, Tiin: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Kuhesabu kwa Kihindi kwa Kupitia Utamaduni wa India

Mtoto wa miaka mitano hukariri "ek, do, tiin" hadi kumi kwa siku mbili tu. Siku ya tatu ukimwekea maembe saba mezani na kumwuliza ni mangapi kwa Kihindi, ataanza upya tangu "ek" kwa sauti ileile ya kuimba, na huenda akapitiliza hadi kumi hata kama maembe yameisha. Hapo hajajifunza kuhesabu bado, bali amejifunza wimbo wa maneno kumi. Mwongozo huu umeandikwa kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuvuka hatua hiyo, na njia yake ni moja: kila nambari ipewe kitu chake cha India cha kushikika, kuchezeka, kulika au kusimulika, ili mtoto anapoisikia nambari akione kitu, na anapokiona kitu aikumbuke nambari. Umefaa zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, kwa vipindi vya dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa wiki.

Kwanza, ni Kihindi kipi?

Katika mazungumzo yetu neno "Kihindi" hubeba lugha yoyote inayosemwa na Mhindi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22 katika jedwali lake la nane, na Kihindi chenyewe, kile kinachoandikwa kwa hati ya Devanagari, ni lugha ya kwanza ya watu wapatao milioni 528 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2011, yaani pungufu kidogo ya nusu ya Wahindi wote. Familia nyingi zenye asili ya India katika miji ya Afrika Mashariki husema nyumbani Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi au Kikonkani. Kwa hiyo mtoto akienda dukani kwa jirani na kusema "ek, do, tiin" kwa fahari, huenda mwenye duka akamrekebisha: "ek, be, tran." Hajakosea mtoto wala mwenye duka, kwa kuwa huyo wa pili amehesabu kwa Kigujarati. Mpunjabi naye angesema "ikk, do, tinn", na tano yake ni "panj" badala ya "paanch".

Mweleze mtoto jambo hili mapema, kwa kuwa ni somo lenyewe la utamaduni: India si kijiji kimoja. Kwa upande mwingine, nambari za Kiurdu ni zilezile za Kihindi isipokuwa tofauti ndogo za matamshi, hivyo jirani mwenye asili ya Pakistani anaweza kuwa msaada mzuri wa kusikiliza na kusahihisha.

Mwalimu ajifunze sauti kabla ya mtoto

Nambari kumi za kwanza, kwa tahajia nitakayoitumia hapa, ni hizi: ek (moja), do (mbili), tiin (tatu), chaar (nne), paanch (tano), chhe (sita), saat (saba), aatth (nane), nau (tisa) na das (kumi). Irabu iliyoandikwa mara mbili huvutwa. Msemaji wa Kiswahili hukutana na mitego minne, nayo ni afadhali uijue wewe kabla hujamfikishia mtoto.

Mtego wa kwanza ni mwisho wa neno. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, basi mtoto ataleta "eki", "tini", "chari" na "dasi" bila kujua. Usimkemee. Mpe mchezo wa kukata neno: ashike kiganja mbele ya mdomo, na kila aishiapo kwa konsonanti afunge kiganja kama mtu aliyedaka nzi. Baada ya siku chache irabu ya ziada hupotea yenyewe.

Mtego wa pili ni "th". Ukiona nane ya Kihindi imeandikwa "aath" katika vitabu vingine, usiisome kama "th" ya thelathini. Hiyo ni "t" inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi juu, nyuma ya ufizi, ikifuatiwa na pumzi. Ndiyo maana hapa nimeiandika "tth". "T" ya "tiin" na "saat" ni tofauti, kwa kuwa ulimi hugusa meno ya juu. Wenyeji wa Mombasa wana nafuu hapa, kwani masikio yao yamezoea kutofautisha sauti yenye pumzi na isiyo na pumzi: kwao paa, mnyama, na paa la nyumba si matamshi mamoja. Pumzi ileile ndiyo iliyomo katika "chhe", ambayo ni mtego wa tatu. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo wa mtoto. Kwa "chaar" karatasi itulie, kwa "chhe" itikisike.

Mtego wa nne ni "paanch", ambayo irabu yake hupita puani. Mtoto mdogo asisumbuliwe nayo sana. Akitamka "n" ya kawaida ataeleweka, na pua itakuja baadaye kwa kusikiliza.

Pamoja na nambari hizo, mfundishe neno moja la kuulizia: "kitne?", yaani "ngapi?". Neno hili ndilo litakalomtoa kwenye wimbo na kumwingiza kwenye hesabu, kwa sababu swali hudai jibu moja tu na si orodha nzima.

Moja hadi tano: wiki mbili za kwanza

Usifundishe zaidi ya tano kwa wiki mbili, hata mtoto akionekana kuwa mwepesi.

Anza na "do", si "ek", kwa kuwa mbili ina kitendo kizuri zaidi. Mwonyeshe namaste: viganja viwili vikutane kifuani, kichwa kiinamishwe kidogo. Hesabuni viganja: ek, do. Kisha mweleze kwamba katika nyumba nyingi za India mtoto humwinamia babu au bibi na kugusa miguu yake miwili kwa heshima, na mkubwa humwekea mkono kichwani kumbariki. Mtoto wa Kiswahili ataelewa haraka kuliko mtoto wa kwingineko, kwa kuwa shikamoo yetu husemwa kwamba ilitokana na maneno ya kushika miguu. Waache wajaribu kwa mama, baba au bibi aliyepo nyumbani, wakihesabu viganja na miguu. Somo zima la "ek" na "do" linaweza kuishia hapo.

"Tiin" ipewe bendera. Bendera ya India, iliyoidhinishwa tarehe 22 Julai 1947, huitwa Tiranga, yaani yenye rangi tatu: zafarani juu, nyeupe katikati na kijani chini. Mtoto aichore na kuipaka rangi huku akihesabu milia. Mwambie kwamba "rang" ya Kihindi na "rangi" yetu ni neno moja lililosafiri kutoka Kiajemi kwa njia mbili. Gurudumu la buluu lililo katikati lina njiti 24, lakini zihifadhi. Zitahitajika baada ya miezi kadhaa.

"Chaar" ina vitu viwili, kimoja cha kuona na kingine cha kulalia. Cha kuona ni Charminar, jengo la mwaka 1591 katika mji wa Hyderabad, ambalo jina lake ni "chaar" na "minar", yaani minara minne. Mtafutie picha, ahesabu minara kwa kidole, kisha ajenge Charminar yake kwa maboksi ya viberiti na chupa nne. Cha pili ni charpai, kitanda cha kamba cha vijijini ambacho jina lake lamaanisha miguu minne, na mtoto aliyewahi kuona kitanda cha kamba cha pwani hatashangaa sana. Kuanzia hapo meza, kiti na mbuzi, vyote vihesabiwe miguu: kitne? Chaar.

"Paanch" ni nambari tajiri, basi usiikimbilie. Baraza la kijiji la India huitwa panchayat, kwa sababu kwa desturi lilikuwa la wazee watano. Mkoa wa Punjab umepata jina kutokana na maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Jikoni, wapishi wa Bengal hutumia mchanganyiko wa mbegu tano uitwao panch phoron: uwatu, habasoda, jira, haradali na shamari. Mbegu hizi zote hupatikana katika maduka ya viungo kwetu, na napendekeza ziwe somo la kwanza la jikoni: vibakuli vitano, mtoto anuse kila kimoja na kukihesabu, kisha afumbe macho na wewe uondoe viwili. Kitne? Tiin. Mtoto aliyenusa habasoda akisema "do" hatalisahau neno hilo kirahisi.

Paanch pia ni hadithi. Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za wanyama, una jina hilo kwa sababu umegawanywa katika sehemu tano. Uliingia katika Kiarabu katika karne ya nane kwa jina la Kalila na Dimna, kwa kazi ya Ibn al-Muqaffa. Kimojawapo cha visa vyake ni cha nyani na mamba: mamba amembeba nyani mgongoni ili akamwue kwa ajili ya moyo wake, na nyani akamdanganya kwamba moyo ameuacha mtini. Ndiyo, ni kisa kilekile ambacho pwani yetu hukisimulia kwa kima na papa. Simulia usiku wa paanch, kwa namna ulivyosimuliwa wewe, kisha mwambie mtoto kwamba watoto wa India nao wanakijua. Sidhani kama kuna dakika kumi bora kuliko hizo katika mwongozo wote.

Sita hadi kumi: wiki mbili nyingine

"Chhe" ifundishwe kwa majira au kwa kriketi, kutegemea mtoto wako ni wa namna gani. Kwa desturi ya India mwaka una majira sita: vasant, grishma, varsha, sharad, hemant na shishir. Varsha ni ya mvua, na mvua hizo huletwa na mfumo uleule wa pepo ambao kwa karne nyingi ulileta majahazi ya Gujarat kwetu kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi. Mtoto achore duara lenye vipande sita na kila kipande akipe rangi. Kama hapendi kuchora, chukua gongo na mpira: katika kriketi, mpira ukivuka mpaka bila kugusa chini ni mikimbio sita, nao huitwa "chhakka", ukigusa chini kwanza ni minne, "chauka". Wavulana niwajuao mimi hukumbuka chhakka kuliko majira yote sita kwa pamoja.

"Saat" ina mchezo ambao hauhitaji senti. Unaitwa satoliya, au pitthu katika sehemu nyingine. Rundika mawe saba yaliyo bapa, moja juu ya jingine, huku mkihesabu kwa sauti. Kundi moja hurusha mpira laini kuyaangusha, kisha hukimbilia kuyarundika upya, wakati kundi la pili likiwalenga kwa mpira. Aguswaye na mpira hutoka. Watoto waliocheza rede hawataelezwa mara mbili. Sharti la kwetu liwe moja: jiwe likiwekwa bila kutajwa nambari yake, halihesabiki. Utasikia "paanch! chhe! saat!" kwa sauti ambayo darasani haijawahi kusikika. Kwa kumbukumbu tu, saba na saat zote huanza kwa "sa", na mtoto hulishika hilo.

"Aatth" ipewe ubao wa sataranji. Mchezo huo ulianzia India kwa jina la chaturanga, ukapitia Uajemi na Uarabuni, na neno letu sataranji bado lina mwangwi wa jina lile. Ubao una miraba minane kwa minane. Mtoto asogeze kifuniko cha chupa kutoka upande mmoja hadi mwingine, akitaja kila mraba hadi aatth. Kama nyumbani kuna ubao wa drafti wa miraba 64, unatosha kabisa.

"Nau" na "das" zifundishwe pamoja, kwa kuwa sikukuu yake huziunganisha. Navratri maana yake ni usiku tisa, na siku ya kumi ni Dussehra, ambapo Kaskazini mwa India masanamu makubwa ya Ravana, mfalme mwovu wa hadithi za Kihindu mwenye vichwa kumi, huchomwa moto mbele ya umati. Wagujarati huadhimisha usiku huo tisa kwa kucheza garba na dandiya, ngoma ya kugonganisha vijiti, na jamii zao katika miji yetu hufanya hivyo pia. Tengeneza vijiti viwili kwa kila mtoto, wasimame kwa jozi, wagonge mara tisa wakihesabu, na mara ya kumi wageuke kumkabili mwenzi mpya. Ravana mwenye vichwa kumi achorwe kwenye karatasi, kila kichwa na nambari yake.

Hapa kuna neno kwa wazazi wa dini mbalimbali. Sikukuu nyingi za India ni za kidini, na mtoto Mwislamu au Mkristo anaweza kuzijua bila kuziabudu, kama vile mtoto wa Kihindu wa Mombasa ajuavyo Idi ni nini. Mwambie waziwazi: hivi ndivyo wanavyoamini na kusherehekea Wahindu. India ina Waislamu, Wakristo, Masingasinga, Majaini na Mabudha pia, na Charminar uliyoijenga kwa viberiti ina msikiti katika ghorofa yake ya juu.

Sifuri na maandishi

Sifuri isiwe ya kwanza. Mtoto aelewe kwanza vitu vilivyopo, ndipo aelezwe kutokuwapo. Kwa Kihindi ni "shunya", yaani tupu. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kutumia sifuri kama nambari, na katika hekalu dogo la Gwalior kuna maandishi ya mwaka 876 ambamo 270 na 50 zimechongwa kwa alama ya duara, moja ikiwa ni ukubwa wa bustani kwa mikono na nyingine idadi ya mashada ya maua ya kila siku. Waarabu walipoichukua dhana hiyo waliitafsiri kwa neno lao la tupu, sifr, nasi tukapata sifuri. Weka bakuli lenye njugu tano, mtoto ale moja moja akihesabu kurudi nyuma: paanch, chaar, tiin, do, ek. Bakuli likibaki wazi: shunya.

Sasa tarakimu. Kwa Devanagari ni ० १ २ ३ ४ ५ ६ ७ ८ ९. Katiba ya India, katika ibara ya 343, inataka shughuli rasmi za serikali kuu zitumie tarakimu za kimataifa, hivyo mtoto hatakwama akizijua 1, 2, 3 tu. Lakini kuchora hizi kwa chaki humfurahisha. Anza na ०, २ na ३ kwa kuwa zinafanana na zetu. Acha १ mwishoni, maana hiyo ni moja ingawa kila mtoto ataisoma tisa. Kwa ६ mwambie ni tatu iliyogeukia upande wa pili. Tarakimu mbili kwa siku zinatosha.

Pachisi: mchezo wa kukazia yote

Nambari kumi zikishakaa, usikimbilie kumi na moja. Tumia wiki nzima, au hata mbili, kwa kucheza pachisi. Ndiyo iliyozaa ludo tunayoijua, ambayo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896, na katika mji wa Fatehpur Sikri uliojengwa na mfalme Akbar kuna ua uliochorwa ubao wa pachisi sakafuni. Jina lake linatokana na "pachchiis", ishirini na tano, ambayo ndiyo alama kubwa kuliko zote.

Badala ya dadu hutupwa kauri sita, na Kihindi nacho huziita kwa jina karibu lilelile. Mkazi wa pwani ataziokota ufukweni au kuzipata kwa wauza vinyago. Wa bara anaweza kutumia maganda ya njugu au vifuniko vya chupa vyenye pande mbili tofauti. Hesabuni kauri zilizotazamisha mdomo juu. Mbili hadi sita hupewa thamani yake. Ikitazama juu moja tu, ni kumi. Isipotazama juu hata moja, ni ishirini na tano. Anayepata sita, kumi au ishirini na tano hutupa tena.

Ubao halisi ni msalaba wenye mikono minne, lakini kwa watoto wa chini ya miaka saba chora njia moja ya miraba 50 kwenye mchanga, iliyopindapinda kama nyoka, na kila mchezaji awe na kete moja. Kanuni ya lugha ni hii: kete husogea mraba mmoja kwa kila nambari inayotajwa kwa Kihindi, na atakayeteleza akasema "tano" badala ya "paanch" hurudi mraba mmoja. Pale mtoto anapopata ishirini na tano kwa mara ya kwanza atataka mwenyewe kujua jinsi ya kufika huko, na mlango wa nambari kubwa hufunguliwa na yeye, si na wewe.

Kumi na moja hadi ishirini

Hapa ukweli usemwe. Kiswahili kinamwambia mtoto "kumi na moja, kumi na mbili", na mtoto hujenga mwenyewe hadi tisini na tisa. Kihindi hakifanyi hivyo. Karibu kila nambari kuanzia moja hadi mia ina umbo lake la kukariri, na watoto wa India wenyewe hutumia muda mrefu kuzishika. Lengo letu kwa mtoto mdogo ni ishirini, kisha makumi. Zaidi ya hapo ni kwa atakayependa.

Zenyewe ni gyaarah, baarah, terah, chaudah, pandrah, solah, satrah, atthaarah, unniis na biis. Nane za kwanza huishia kwa "h" nyepesi, ambayo ni pumzi tu. Zigawe hivi.

Gyaarah ifundishwe kwa bahasha. Katika harusi na sherehe za India zawadi ya fedha, shagun, hutolewa kwa kiasi kinachoishia kwa moja: rupia 11, 51, 101 au 501, kwa kuwa ile moja ya ziada hutazamwa kama mwendelezo wa baraka. Mtoto akunje bahasha, atie maharage kumi, kisha aongeze moja: gyaarah. Kuna bahasha maalumu za shagun zilizobandikwa sarafu ya rupia moja kwa nje, mahsusi kwa ajili ya hiyo moja.

Baarah imo mkononi. Wahindi wengi huhesabu kwa kugusa pingili za vidole vinne kwa ncha ya kidole gumba, pingili tatu kila kidole, na mkono mmoja unafika kumi na mbili. Mfundishe mtoto njia hii mapema. Ataitumia hata katika hesabu za shuleni.

Solah ipigiwe makofi. Tintal, mojawapo ya midundo mikuu ya muziki wa Kaskazini mwa India, ina mapigo 16 katika mafungu manne ya manne. Piga kofi kwa pigo la kwanza, la tano na la kumi na tatu. Kwa pigo la tisa pungia mkono hewani bila kupiga. Hesabuni polepole kutoka ek hadi solah na kurudi ek bila kusimama. Mtoto atakosea pigo la tisa mara nyingi, na kicheko hicho ndicho kitakachomfanya arudie. Mwambie pia kwamba zamani, kabla ya mwaka 1957, rupia moja ya India iligawanywa katika sarafu ndogo za ana 16, au pesa 64, ndiyo iliyotuachia neno pesa, na hadi leo Mhindi akitaka kusema jambo ni kweli tupu husema ni kweli ya ana kumi na sita.

Unniis nayo ina siri: maana yake ni ishirini kasoro moja. Vivyo hivyo 29 ni untiis, thelathini kasoro moja, na mtindo huo huendelea hadi 79. Nambari 89 na 99 huukimbia, lakini huko mtoto hafiki leo. Zilizobaki, yaani terah, chaudah, pandrah, satrah na atthaarah, zikaririwe tu kwa kuruka kamba.

Makumi, mia na laki

Makumi ni biis, tiis, chaaliis, pachaas, saatth, sattar, assii na nabbe. Mia ni sau na elfu ni hazaar. Angalia saat na saatth: saba na sitini zimetenganishwa na ncha ya ulimi na pumzi tu, na hapa ndipo mazoezi ya awali ya "tth" yanapolipa. Sasa zile njiti 24 za gurudumu la bendera zihesabiwe. Mtoto akifika biis mwongezee nne tu: ikkiis, baaiis, teiis, chaubiis.

Laki hahitaji kufundishwa, maana ni neno letu tulilolitoa huko. Tofauti ipo katika uandishi: Wahindi huweka mkato wa kwanza baada ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha baada ya kila mbili, hivyo laki moja huandikwa 1,00,000, na laki mia, iitwayo karor, huandikwa 1,00,00,000. Mtoto wa miaka minane au tisa hulifurahia jambo hili, na wa miaka mitano asitajiwe.

Kupima bila mtihani, na somo la saa

Usimwambie mtoto "nihesabie". Fungua duka. Mtoto awe muuzaji wa bajia, sambusa na kachori za udongo, wewe uwe mteja unayeuliza "kitne?" na kutaja nambari bila mpangilio: saat, do, nau. Akikupa idadi sahihi mara nane kati ya kumi, nambari hizo ni zake. Akikosea ileile mara mbili, irudishie kitu chake. Kama ni aatth, toeni ubao wa sataranji tena.

Kwa mtoto mkubwa malizia na saa, ambapo Kiswahili na Kihindi hukutana na kupishana kwa pamoja. Mhindi huita saa kwa nambari iliyo kwenye uso wa saa, hivyo "saat baje" ni saa moja yetu, na mtoto lazima aongeze au aondoe sita kichwani. Lakini tusemapo saa mbili kasorobo, yeye husema "paune aatth baje", nane kasoro robo, kwa mpangilio uleule wa fikra. Na tusemapo na robo, husema "savaa". Moja na nusu ina neno lake pekee, "derh", na mbili na nusu ni "dhaai", ambayo "dh" yake si ya dhahabu bali ya ulimi uliokunjwa na pumzi. Chora saa mbili ubaoni, moja ya Kiswahili na moja ya Kihindi, uzungushe mishale, na umwache mtoto akwambie mtoto wa Delhi anakwenda shule "kitne baje".